Sitamtaja Jina, Bwana

Sifa na utukufu ni kwa Mungu, aliyenipa miaka sabini na mbili, meno ya kutosha kutafuna mahindi, na moyo wa kusimulia aibu yangu bila kuipunguza. Namshukuru pia kwa kunipa mdomo, ingawa kuhusu huo mdomo mimi na yeye tuna mazungumzo ambayo hayajaisha.

Mimi ni mzee wa kanisa kutoka Iringa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na Dini, na nilipostaafu nikajitolea kuwa mshauri katika shirika dogo lenye ofisi Uyole, linalosaidia walimu wa shule za msingi. Hatulipwi. Kazi ni kumtembelea mwalimu, kukaa nyuma ya darasa lake na kumsikiliza. Kanuni kubwa ni moja, na ni mimi niliyewahubiria washauri wenzangu huku nimenyoosha kidole: mwalimu akikuambia udhaifu wake, nenda nao kaburini.

Basi nikapewa Mwalimu Tumaini, binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa kike pekee katika shule moja ya Madibira, huko kwenye mpunga. Alifundisha Hisabati darasa la sita. Siku ya tatu ya kumtembelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, kugawanya sehemu kunanishinda mimi mwenyewe. Nikifika kwenye mada hiyo naruka. Mwalimu mkuu akijua, atanipokonya darasa."

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo nimelizika." Na kweli nililizika, ila sikulifukia.

Wiki iliyofuata kukawa na kikao cha wazazi ndani ya darasa. Walijaa, wenyeji pamoja na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, mwalimu mkuu mbele, Tumaini pembeni. Mimi nikapangiwa kufungua kwa sala fupi. Kwenye ratiba iliandikwa hivyo hivyo, "sala fupi", na neno fupi lilipigiwa mstari (walishanisikia kikao kilichopita).

Nikafumba macho, nikaanza vizuri. Nikaombea mvua, nikaombea mpunga, nikaombea barabara, na hapo mtu mwenye akili angesema amina akaketi, lakini mimi nikaona ni dhambi kuukumbuka mpunga na kumsahau Tumaini, nikasema, "Na yuko mwalimu mmoja, Bwana, sitamtaja jina, wewe unamjua." Ingeishia hapo. Lakini mtu akifumba macho hujiona yuko peke yake na Mungu, basi nikaanza kumfafanulia, kana kwamba Mungu angeweza kukosea mlango: "Kugawanya sehemu kunamshinda, anairuka mada hiyo kwa hofu. Mtie nguvu binti huyu mbele ya darasa la sita."

Binti. Darasa la sita. Nilipofumbua macho, hakuna kichwa kilichokuwa kimeinama, vyote vilikuwa vimemgeukia Tumaini, na ile amina niliiitikia mwenyewe.

Mzee mmoja wa Kisukuma, Baba Kulwa, akasimama. "Kumbe! Ndiyo maana nikimuuliza mwanangu habari za sehemu ananiambia bado hawajafika. Mwaka unaisha hawajafika, wanakwenda kwa miguu?"

Mwalimu mkuu akatoa kalamu mfukoni. Nami, badala ya kuketi, nikajaribu kuokoa jahazi. "Ndugu wazazi, sikumaanisha huyu."

"Basi ni yupi?" akadakia mama mmoja. "Binti mwingine wa darasa la sita ni nani, mzee? Wewe?"

Wakacheka. Tumaini hakucheka. Alisimama, macho yamemlenga mwalimu mkuu.

"Ni mimi. Naruka kweli. Na kwa kuwa baba ameshalifikisha juu, basi anifundishe hapa hapa mbele yenu: nusu gawanya kwa robo. Sitaruka tena." Akanipa chaki.

Ndugu zangu, nimesema nilifundisha Kiswahili na Dini. Lakini mtu aliyezoea kunyoosha kidole anakataaje chaki? Nikaandika, nikazidisha juu kwa juu na chini kwa chini, nikatangaza kwa sauti ya mimbarani, "Moja ya nane!" Kisha nikaongeza (mdomo ule ule), "Bila shaka, maana kitu kikigawanywa kinapungua."

Baba Kulwa akakuna kichwa. "Mzee, mimi shule niliishia la nne. Lakini nina nusu debe ya mpunga, nachota kwa kopo la robo debe. Nachota mara ngapi?"

"Mara mbili!" wazazi wakaitikia.

"Basi jibu ni mbili. Hiyo moja ya nane umeivuna shamba gani?"

Tumaini alikuwa akiutazama ubao. "Kumbe tunaulizwa robo ngapi zimo ndani ya nusu," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Akaichukua chaki mkononi mwangu, akafuta kazi yangu, akachora debe, akawafundisha wazazi mfano wa pili na wa tatu, na yote miwili ikakubali. Mwalimu mkuu akairudisha kalamu mfukoni.

"Huyu aendelee na darasa," akasema Baba Kulwa. "Yeye angalau anakijua asichokijua. Mzee ndiye wa kutembelewa."

Ulipofika wakati wa kufunga, mwalimu mkuu alinipita kama nguzo, akamwomba Tumaini afunge kwa sala. Naye akainamisha kichwa. "Ee Mungu, yuko mzee mmoja hapa. Sitamtaja jina." Akainua kichwa. "Amina."

Hiyo iliitikiwa na wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Baadaye nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe, baba. Ila siri nyingine nitampelekea Mungu mwenyewe, usihangaike." Bado nakaa nyuma ya darasa lake, na sehemu sasa naziweza kidogo. Nikiombwa kufungua kikao, naombea mvua na mpunga, macho wazi, nakaa chini.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mungu akubariki wewe na nyumba yako, azifunike siri zako, na siku ukihitaji wa kukuombea, akupe mtu asiyejua kufafanua.