Programu yangu ilisema minazi ya mama ni migonjwa

Wakuu, salaam. Hili nimekaa nalo tangu enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siongezi chumvi, na sitajitetea.

Nilikuwa kijana, naishi mjini, mtaa wa Mabawa, nimeajiriwa kituo kimoja cha utafiti. Minazi ya pwani ilikuwa inakufa. Inadondosha nazi changa, majani yanageuka njano, kinabaki kigogo kitupu.

Wafadhili wakatuletea kompyuta.

Sampuli za shina tulipeleka nje ya nchi, DNA yake inarudi kwenye diski: herufi nne tu, A, C, G na T, maelfu kwa maelfu. Mimi naifundisha programu, hizi za mnazi mgonjwa, hizi za mzima. Inapiga hesabu herufi zinavyofuatana, halafu ukiipa sampuli mpya inakwambia uwezekano wa ugonjwa.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Migonjwa niliitoa vijijini, minazi mirefu ya kienyeji. Mizima? Gari halikuwa na dizeli, nikakata nyuma ya ofisi. Pale ilikuwepo mifupi ya mbegu ya kisasa tu. Nikasema aah, mnazi ni mnazi.

Programu ikapatia majaribio yote. Kichwa kikavimba!

Mama alikuwa na minazi mirefu thelathini na moja kule kijijini kwetu Moa. Ndiyo iliyonisomesha. Nikaipima, yote ikatoka migonjwa. Nikamfuata.

"Shikamoo mama. Inabidi ikatwe, isije ikaambukiza ya jirani."

Akatazama juu. "Mbona imebeba?"

"Kompyuta imeona ndani."

"Haya baba. Wewe ndiye uliyesoma."

Ikakatwa yote, pamoja na ule uliozikiwa kitovu changu.

Miezi baadaye dizeli ikapatikana, nikaleta minazi mirefu kutoka kijiji ambacho ugonjwa haujafika. Programu ikasema migonjwa, yote! Nikakaa chini sakafuni. Haikuwahi kuujua ugonjwa. Ilijua kutenganisha mnazi wa kienyeji na wa kisasa, basi.

Sikumwambia mama. Niliogopa.

Minazi ya majirani ilibaki imesimama. Mama yangu, mtu wa Moa, alinunua nazi sokoni mpaka kufa kwake, na kila mgeni alimwambia, "Mwanangu ndiye aliyeokoa minazi ya hapa."

Vijana wa data, kabla ya kushangilia majibu, ulizeni sampuli zilikatwa wapi.

Na nyie wengine, semeni kweli: ningemwambia? Msinionee huruma.