Simu Nilizozikata kwa Penseli

Siku ya kwanza kazini nilipewa ubao wa kuandikia, kitambulisho cha kuvaa shingoni, penseli mbili na kichongeo. Nikauliza kifutio kiko wapi. Msimamizi wa Wahoji, mama wa Kihindi ambaye sote tulimwita Madam, alinitazama kana kwamba nimeomba kisu.

"Hapa hakuna kufuta," alisema. "Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, weka herufi za jina lako pembeni. Atakayekuja baada yako aone ulichokuwa umeandika."

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Al Muraqqabat, huku nchi za Waarabu, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Tulikuwa kampuni ndogo ya utafiti, na mteja wetu mkubwa miaka hiyo ya elfu mbili alikuwa mdhibiti wa mawasiliano. Vijana wakisikia mdhibiti hudhani ni mtu wa kutoza faini tu. Kazi yake huanzia mbali zaidi. Hawezi kuiambia kampuni ya simu kwamba wateja wake wanaumia bila ushahidi mkononi. Lalamiko la mtu mmoja ni hadithi. Malalamiko yakipimwa kwa njia ileile, mlango kwa mlango, yanakuwa takwimu, na takwimu hazipingiki kirahisi. Sisi ndio tuliozikusanya.

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya ndimi. Nimezaliwa Unguja, nimekulia Deira, Kiarabu cha hapa nakisema kama wenyewe na Kiswahili hakikunitoka. Madam alinikabidhi Waafrika Mashariki wote waliokuwamo kwenye sampuli, yaani wale waliochaguliwa kwa bahati nasibu wawe sauti ya wenzao: walinzi wa Al Barsha, wahudumu wa hoteli za Deira, mafundi, wapishi.

Tulikuwa na njia mbili za kupima. Ya kwanza ni gari la vipimo. Lilikuwa na antena juu na kompyuta ndani, likizunguka mitaa na kujipigia simu lenyewe mchana kutwa. Mahali ambapo mtandao ulikuwa mzuri, ramani ilitiwa kijani. Mahali pabovu, nyekundu. Ya pili ni shajara, daftari dogo tulilomwachia mhojiwa kwa wiki mbili aandike kila simu: imetoka wapi, imeanza saa ngapi, imekwisha saa ngapi. Nilikuwa napenda kuzikusanya shajara zile. Nyingine zilinuka vitunguu, nyingine manukato. Mlinzi mmoja aliandika pembeni, kila baada ya simu ya mkewe, "amenuna" au "hajanuna".

Aliyesoma yote haya alikuwa Mkuu wa Takwimu, daktari wa hesabu kutoka Sudan, mtu mrefu na mpole aliyekunywa chai bila sukari na kila siku kulalamika kuwa ni chungu. Asubuhi moja aliniita mezani kwake.

"Bi Zuhura, watu wako wana nini? Simu inaanza saa saba na dakika kumi, inakwisha saa saba na dakika kumi. Wanaambiana nini?"

"Hawaambiani kitu, Daktari. Hizo ni bipu."

Nikamweleza. Mtu hupiga, huacha simu ilie mara moja, kisha hukata. Mwenye uwezo ndiye anayepiga tena. Mama yangu, aliyebaki Unguja, alinibipu kila siku baada ya alasiri. Hakutaka nimpigie. Alitaka nijue kwamba yupo, mzima, ameshaswali. Nilikuwa nimeizoea mno bipu ile hata sikuitazama simu. Nilisikia mlio mmoja nikaendelea na kazi.

"Kwa hiyo si simu zilizokatika kwa ubovu wa mtandao?" aliuliza Daktari.

"Si simu kabisa. Ni salamu."

"Khalas. Zitoe."

Nikazitoa. Kila simu ya Afrika Mashariki iliyoanza na kwisha ndani ya dakika ileile, nilipitisha mstari na kuandika Z.S. pembeni. Katika kikao cha wiki ile Madam alinisifu mbele ya wote. "Mnaona faida ya mtu anayewajua watu wake," alisema. Nami nikavimba kichwa.

Wiki chache baadaye nilikwenda Al Nahda kuchukua shajara za awamu ya pili. Mhojiwa alikuwa Mwende, Mkamba wa Kitui, mfanya usafi wa hoteli. Alikaa na wanawake wenzake saba katika fleti moja, yeye chumba cha ndani kabisa, ambacho dirisha lake lilitazama shimo la hewa na kuta nne za jengo. Mwenzake mmoja, Mganda aliyeitwa Nakato, alinifungulia mlango.

"Karibu, madam. Leo umekuja kuuliza nini? Wewe una maswali kushinda wale wa uwanja wa ndege."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikafungua shajara na kuanza kukata mistari palepale. Mwende aliinama kutazama.

"Madam, mbona unamkata mama?"

"Hii si bipu?"

"Mama hana simu. Abipu na nini?" Alisema polepole, kama anayeeleza mtoto. "Anapigia kwa duka la soko, Jumapili akitoka kanisa. Unalipa, unapanga laini, unangoja zamu. Nani atapanga laini ndiyo abipu?"

Nakato alicheka, kisha akaacha.

"Nikishika, nasema haloo," Mwende aliendelea. "Wanaweka mtoto, anasema haloo, inakatika. Nikitoka mbio nje nipige, mwenye duka ananiambia kuna mwingine kwa simu, mama ashaenda. Ni mbali, hawezi ngoja."

"Kwa nini usiisubiri nje?"

"Nasubiri. Masaa mawili kwa jua. Basi ya kazi ikikaribia naingia nivae yunifomu, na hapo ndipo inalia."

"Umelalamika kwenye kampuni?"

"Mara tatu. Wanasema walipima, netiweki iko."

Nililijua jibu lile, kwa sababu lilitoka kwetu: mdhibiti huipa kampuni ramani zetu. Gari letu la vipimo lilipita barabara iliyo mbele ya jengo lile, na kwenye ramani barabara ilikuwa kijani kibichi.

"Mtoto wangu, Mutheu, nilimwacha akitambaa," Mwende alisema. "Sasa ako nasari. Asipojua sauti yangu sahii, siku nikirudi atanikimbia."

Sikukata mstari mwingine siku ile. Nilirudi ofisini, nikatoa shajara za awamu ya kwanza kabatini na kuzisoma upya. Mistari yangu ilikuwa mmoja mmoja, na chini yake kila kitu kilisomeka. Simu nilizozikata zilirundikana Jumapili, na wengi wa wenye simu hizo walikaa vyumba vya ndani. Bipu hazichagui chumba. Kama ningepewa kifutio ile siku ya kwanza, watu wale wote wangekuwa wametoweka.

Ripoti ya awamu ya kwanza ilikuwa imekwisha andikwa. Ndani yake kulikuwa na orodha ya majengo ambayo mdhibiti angeiagiza kampuni ya simu iyarekebishe, na jengo la Mwende halikuwamo. Nilimpelekea Madam shajara. Uso wake ukawa mwekundu.

"Na sasa nimwambie mteja nini?"

"Mwambie nilikosea mimi."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alizichukua shajara, akazipekua moja moja hadi chai ikapoa.

"Mtu akiniletea kosa linalosomeka, ameniletea kazi," alisema. "Akiniletea karatasi safi, ameniletea msiba. Yalla, turudi uwandani."

Tuliongeza swali moja tu kwenye shajara: *Je, ulitaka simu hii iendelee?* Kisha tukachukua kipimo kidogo cha mkononi, tukaingia vyumbani, tukafunga milango na kupiga simu tukiwa ndani, kama wakaavyo wenyewe. Mkuu wa Kitengo cha Wateja alikuja kutoka kwa mdhibiti kuiona ramani mpya. Barabara zilikuwa kijani na ndani yake kumejaa vidoa vyekundu.

"Hivi vyote viko kwenye mitaa mizuri?" aliuliza.

"Ndiyo, sir. Sisi tulipima barabara. Watu hawalali barabarani," nilimjibu.

Hakutabasamu. Alifunga jalada, akaenda nalo. Kampuni iliagizwa kupima ndani ya majengo, na baada ya miezi kadhaa mafundi wakafunga mashine za kukuza mawimbi kwenye ngazi za jengo la Mwende na mengine mengi.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuhakiki. Nilikwenda Al Nahda Jumapili, nikakaa ukingoni mwa kitanda kilekile na fomu yenye visanduku: simu imelia, imepokewa, imekatikaje. Mwende alikuwa tayari na yunifomu. Saa nane kasorobo simu ikalia. Alipokea akiwa amefumba macho. Alisema na mama yake Kikamba kirefu, dakika nzima na zaidi. Kisha akanyamaza, na nikajua mtoto amepewa simu.

Nilisikia sauti nyembamba: haloo. Halafu kimya.

Mwende alifumbua macho. Upande wa pili bibi alikuwa anacheka. Mwende alinitafsiria baadaye. Mtoto alikuwa amesema haloo yake, akarudisha simu. Kwake yeye simu ndivyo ilivyokuwa siku zote: unasema haloo, inakwisha, unamrudishia bibi.

"Mrudishie," Mwende alisema, safari hii kwa Kiswahili, bila kujua. "Mwambie bado niko."

Niliinuka nikangoja sebuleni na Nakato, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha. Kisanduku cha mwisho nilikijaza baada ya dakika kumi na moja.

Sasa nimestaafu. Daktari alirudi kwao, Madam anaishi kwa mwanawe ng'ambo, na juu ya duka la mapazia pana ofisi ya viza. Wajukuu wananiambia siku hizi mashine hukusanya takwimu zenyewe, bila penseli wala kugonga mlango. Inawezekana. Ninachokikosa mimi ni ule ukingo wa kitanda, mtu akiinama kutazama ninachoandika juu yake na kuniuliza kwa nini.

Mama yangu amefariki zamani. Kila baada ya alasiri sikio langu bado linangoja mlio mmoja, ule niliouacha upite miaka yote nikidhani nimekwisha kuijua maana yake. Sikumuuliza hata siku moja kama alitaka simu iendelee.

Kwa hiyo simu yangu ikilia mara moja ikanyamaza, hata iwe namba nisiyoijua, siihesabu kuwa bipu. Napiga.