Jagi la Bluu na Shemeji Deo

Jamani, hiki kisa sijawahi kukifikisha mwisho. Huwa naishia pale Mama Mchungaji anapotaja glasi alizokunywa, watu wanacheka, nami nacheka nao, halafu nabadilisha mada. Leo nafika mwisho, na msinihurumie, maana aibu ni yangu mimi Vero, wala si ya Krismasi, wala si ya yule bibi wa Kizungu aliyenipa mapishi.

Bibi mwenyewe ni mmoja wa wazee ninaowahudumia kazini, pale jirani na Westmead, huku ughaibuni. Asubuhi moja namwogesha, akaniambia kwao Krismasi si Krismasi bila eggnog, yaani maziwa, krimu, mayai, sukari na kungumanga, halafu unatia pombe kali, unaweka kwenye friji ipoe. Masikio yakanisimama, kwa sababu mwaka uliotangulia nilialika watu kwangu Toongabbie, nikapika pilau la kufa mtu, na ilipofika saa tisa mchana wote wakaaga, wakahamia kwenye sherehe nyingine Quakers Hill, na nikaja kusikia wanasema kwangu kulikuwa kama msibani. Msibani! Mimi na pilau langu! Nikasema safari hii mtu haondoki.

Basi nikaenda duka la pombe, nikasimama mbele ya zile rafu karibu saa nzima nikisoma chupa moja moja. Brandi? Mama Mchungaji angeisikia akiwa bado getini. Ramu nyeusi? Ile rangi ingenisema. Wiski ndiyo kabisa usiguse, kwa sababu wiski ndiyo ilikuwa pombe ya shemeji Deo, na mdogo wangu Upendo anaijua harufu yake kuliko anavyojua marashi yake mwenyewe.

Niwaeleze kuhusu Deo. Ni mume wa Upendo, na siku ile alikuwa ametimiza miezi kumi na nne bila kugusa tone. Na hakuwa mlevi wa kuchangamsha watu, alikuwa mlevi wa kulala ndani ya gari nje ya nyumba na kusahau watoto shuleni. Upendo alishamwambia, ukirudia hata mara moja naondoka na wanangu, na Upendo si mtu wa vitisho. Haya yote nilikuwa nayajua nikiwa nimesimama pale dukani. Nikachukua vodka kwa sababu haina harufu, na ramu nyeupe kidogo ya kulainisha, nikatoka najisifu kwa akili zangu. Yaani niliichagua pombe kwa sifa moja tu, kwamba anayeinywa asiijue.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, msinicheke. Jagi la bluu lenye mambo kwa watu wazima, jagi jeupe lisilo na kitu kwa watoto na Deo. Lakini mchungaji na mkewe wakawahi, joto lilikuwa la kuchoma, mchungaji akaliona jagi la bluu mezani akajimiminia mwenyewe, akanywa, akafumba macho. 'Sista Vero, haya maziwa ni ya mbinguni!' Na mimi badala ya kusema mchungaji, samahani, subiri, nikasema, 'Ni vanila tu, mchungaji, na kungumanga.' Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na ulitoka mwepesi kweli.

Ndipo akaingia Deo na mkewe na watoto. Ukumbi umejaa, wote wameshika glasi, wanasifia. Sasa fikirieni, nikimpa Deo kutoka jagi la watoto, mtu atauliza kwa nini yeye peke yake, na mchungaji ndiyo kwanza anamaliza ya pili. Nilisimama pale na majagi mawili mikononi, nikajiambia, glasi moja ndogo haimuui mtu. Nikamimina la bluu.

Deo akaitazama ile glasi. Akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini ili asiniaibishe (yeye ndiye alikuwa ananilinda mimi, jamani), 'Shemeji, hii haina kitu?'

'Haina kitu, shemeji.'

Na mnajua kwetu, mwenyeji hampi mgeni kinywaji hivi hivi, anaonja kwanza, anatoa sumu, ndiyo namna yetu ya kusema kunywa bila wasiwasi. Nikainua glasi mbele ya macho yake, nikapiga funda moja kubwa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akatabasamu, akanywa yote.

Ya pili alikuja kuiomba mwenyewe. Ya tatu alijimiminia. Akaanza kuimba pambio, watu wakampigia makofi, mchungaji anacheza, Mama Mchungaji amevua viatu, na mimi naangalia saa, imefika saa kumi na hakuna aliyeondoka. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Upendo hakufurahi. Alikuwa anamtazama mumewe anavyosimama. Akaenda, akaichukua glasi mkononi mwake, akaonja, akakaa nayo mdomoni kidogo, kisha akanigeukia mbele ya watu wote. 'Dada. Umempa nini mume wangu?'

'Vanila tu,' nikasema tena, mjinga mimi.

Upendo akaenda jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki, akarudi na chupa mbili, akaziweka mezani katikati ya sambusa. Muziki ukazimwa. Mama Mchungaji akasema taratibu, 'Mimi nimekunywa nne,' na mtu mmoja akacheka, na hapa ndipo huwa naishia ninaposimulia.

Deo hakucheka. Aliziangalia zile chupa, akaniangalia mimi, akasema, 'Lakini shemeji, ulionja.' Akatoka kwa miguu kuelekea stesheni, binti yake mkubwa anamwita kutoka mlangoni, hakugeuka. Alipotea siku tatu. Aliporudi kazini ghalani, kabla ya kupanda foklifti yake ya kubebea mizigo wakampulizisha kipimo cha pombe, wakamkuta nayo, wakamrudisha nyumbani moja kwa moja. Upendo akahamia Quakers Hill na watoto, na kwa miezi mingi hakupokea simu yangu.

Alipoipokea hatimaye, nilimwambia kwamba nilifanya kwa makusudi. Akaniambia, 'Najua, dada. Lakini anayekunywa ni yeye.' Afadhali angenitukana.

Sasa Deo anahesabu upya, yuko mwezi wa tano. Jumamosi iliyopita alipita kwangu kuwachukua watoto, mama yao huwaacha kwangu kwa kuwa hataki kuonana naye. Jua kali, anatokwa jasho. Nikamletea maji, maji ya bomba tu, na kwa mazoea nikaonja, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaipokea ile glasi kwa heshima zake zote, 'Ahsante, shemeji,' akaiweka mezani. Kisha akatoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akavunja kizibo mwenyewe, akanywa.

Nimeapa sitamwekea mtu kitu kwenye kinywaji bila kumwambia, hata chumvi. Walipoondoka nikaichukua ile glasi, bado imejaa, imepungua funda langu tu.