Sikio la Simba

Kwa mume wangu hakuna mteja aliyeondoka na uso ule ule aliokuja nao. Tulikuwa na studio ndogo Karatu, kando ya barabara ya kwenda Oldeani. Mimi nilikuwa nasafisha picha kwenye chumba cha giza. Yeye alikaa dirishani na lenzi yake na penseli iliyochongwa ikawa kali kama sindano, akizirembesha negativu, yaani filamu zilizokwisha kusafishwa, kabla sijazichapa kwenye karatasi. Bibi harusi mwenye chunusi aliondoka na shavu laini. Mzee wa kanisa mwenye pengo alirudishiwa jino, na mkewe akaizungusha picha ile kwa majirani wote kabla ya kuitundika. Nilikuwa namtania mume wangu kwamba siku ya ufufuo watu wa Karatu watapishana njiani bila kutambuana. Yeye hakuona mzaha hapo. Alisema hakuna mtu anayelipa ili aone kile kile alichokiacha kwenye kioo nyumbani.

Sifa zilimzidi, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La kwetu lilitiwa maji mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika miezi ile ya baridi ambayo ukungu wa Ngorongoro hushuka mpaka mlangoni. Dawa ya kusafishia picha haipendi baridi, kwa hiyo nilikuwa nikiweka beseni la maji ya moto chini ya trei ili isilale. Karatasi za picha nazo zilikuwa za kutafuta kwa tochi, kama sukari na sabuni.

Basi akaja askari wa hifadhi, Mmasai wa Malambo, mtu mzima aliyebakiza siku chache astaafu. Alikuwa na mkanda wa picha alioachiwa na mgeni mmoja baada ya kumtembeza ndani ya kreta, lile bonde la Ngorongoro. Alitaka picha moja tu, ya simba dume mzee, iwe kubwa ya kutundika. Simba mwenyewe, alisema, amekwisha kufa. Hatukumuuliza zaidi, tukamwambia arudi Ijumaa.

Nilipousafisha mkanda, nilimpenda yule simba. Amesimama amegeuza kichwa, nyuma yake ukuta wa kreta ukiwa kivulini. Sikio la kulia limechanika mpaka karibu na kichwa, kovu limeshuka kutoka chini ya jicho hadi mdomoni, na jicho lenyewe lina ukungu. Nikampelekea mume wangu negativu, nikaenda sokoni.

Mazoea yana taabu. Niliporudi, simba alikuwa kijana. Sikio limeshonwa, kovu limefutika, jicho linang'aa kama la mwanafunzi aliyefaulu. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mume wangu aliniuliza, kwa uchungu wa kweli, kama nadhani mzee wa watu angefurahi kutundika simba kilema sebuleni. Kusema kweli kazi ilikuwa nzuri ajabu, hukuweza kuona penseli ilipopita. Nikaichapa.

Ijumaa askari aliishika picha kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaiinamisha huku na huku. Kisha akarudi, akaiweka mezani taratibu.

"Fundi, huyu simba ni mzuri sana," alisema. "Lakini simjui."

Mume wangu alimweleza kwa fahari mambo yote aliyoyafanya, akimwonyesha kwa ncha ya penseli. Yule mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, ndipo akaketi na kutusimulia. Miaka kadhaa nyuma simba huyo alipanda kutoka kreta akaua maksai wa mdogo wake, maksai aliyependwa kuliko ng'ombe wote wa boma. Mdogo mtu alimfuata na mkuki. Mkuki wa kwanza ulichana sikio. Wa pili haukurushwa, kwa sababu yeye askari alisimama katikati na kumkataza, kama kazi yake ilivyomtaka. Tangu siku hiyo mdogo wake hakula naye wala kumpa mkono. Na sasa alikuwa anastaafu, anarudi kuishi boma lile lile. Alitaka afike na kitu cha kumwekea mdogo wake mbele, aone kwamba simba amekufa kwa uzee na alama ya mkuki wake alikufa nayo.

"Bila sikio lile," alisema, "nitampelekea ndugu yangu simba wa watu wengine."

Mume wangu aliiweka penseli chini. Nilimhurumia, nikamwonea haya, na kicheko cha juzi kikanitoka kabisa. Nikamuuliza jambo moja tu: sikio alilitengeneza kwa penseli au kwa wembe? Maana penseli huongeza juu ya negativu na huweza kufutika, lakini wembe hukwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Akasema sikio na kovu ni penseli. Jicho ni wembe.

Tulimkalisha mzee na chai. Mimi nikachukua pamba na tapentaini, nikaanza kufuta, nikibonyeza kidogo kidogo, maana ukikazana ngozi ya negativu inabanduka. Mume wangu alisimama nyuma yangu akipumua shingoni mwangu mpaka nikamfukuza. Kisha tukaingia wote chumba cha giza, karatasi moja nzuri ndiyo iliyobaki, nikaitumbukiza kwenye dawa. Ukuta wa kreta ulitangulia kutokea, halafu manyoya, halafu kovu. Sikio lilichelewa. Lilipotokea limechanika mpaka chini, mume wangu alinishika bega akasema asante kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwao. Mpaka leo naona raha nikikumbuka asante ile.

Mzee alitazama, akatabasamu. Mume wangu akaanza kuomba radhi kwa ajili ya jicho.

"Jicho liache," mzee alimwambia. "Na yeye aone vizuri."

Tulidhani yameisha. Mvua za vuli zilipokaribia mzee akaja tena, akiwa na mwanamume mwembamba mwenye shuka nyekundu aliyesimama mbali naye kidogo. Huyo ndiye aliyekuwa mdogo wake. Picha aliishika mdogo mtu mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa. Hakutusalimia sana. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna fundi Karatu anayeshona masikio ya simba, kwa hiyo alitaka fundi huyo amchore maksai wake hapo pembeni ya simba, ili asiwe amekufa bure wakati muuaji wake anatundikwa ukutani.

Nilimwangalia mume wangu nikimwombea akatae. Akaomba aelezwe maksai alivyokuwa. Mdogo mtu akasema alikuwa mweusi, tumbo jeupe, pembe zimepanda juu. Mume wangu akachora polepole, juu ya nyasi za picha, mgongo, tumbo, pembe mbili nzuri zimesimama.

"Siyo hivyo," askari alisema. Akaweka kidole kwenye picha. "Pembe ya kushoto ilishuka, ikakaribia kugusa shavu. Na akitembea alikuwa anainamisha kichwa upande huo. Weupe ulianzia kwenye bega, haukuwa tumboni peke yake."

Mdogo wake aligeuka akamtazama kaka yake.

"Kumbe na maksai wangu ulikuwa unamwangalia," alisema.

Akavuta kigoda, akaketi karibu na kaka yake. Mume wangu akaifuta ile pembe, akaanza upya.