Sentensi za Masharti, Saa Tisa Alasiri

Kuna miji ambamo mtu hujifunza lugha kwa kuipenda, na kuna mingine ambamo hujifunza kwa sababu njaa haina mkalimani. Malindi ni ya aina ya pili. Taib bin Salim alikijua Kiitaliano kabla hajakijua Kiingereza sawasawa. Alianza kubeba masanduku ya wageni hotelini akiwa na miaka kumi na tisa, akapanda akawa mhudumu wa meza, akapanda tena akakaa mapokezi, na kwa miaka ishirini haikupita siku bila Kiitaliano kumtuma, kumsifu au kumtukana. Wageni walipoadimika na hoteli ikatiwa kufuli, alivuka kwenda Dubai. Mwaka 2016 alikuwa msimamizi wa zamu katika mkahawa wa Kiitaliano pale Al Jaddaf, chini ya jengo jipya ambalo lifti zake zilikuwa bado zimefunikwa nailoni.

Hapo ndipo alipopata kazi ambayo haikuandikwa katika mkataba wake: kumfundisha mpishi Kiingereza.

Mpishi aliitwa Ettore, mtu wa Bari, pande la mtu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuomba radhi. Hoteli moja iliyokuwa karibu kufunguliwa ilitaka kumfanya mpishi mkuu, ila kwanza apasi mtihani wa Kiingereza tarehe ishirini Aprili. Maneno alikuwa nayo mengi. Kilichomshinda ni sentensi za masharti. Kila neno "if" lilipotokea kitabuni, alilitazama kama samaki aliyelala siku mbili.

Kila siku saa tisa, wageni wa mchana wakishaondoka, walikaa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa jiko, Ettore na daftari lenye madoa ya nyanya, Taib na kalamu ya kuandikia oda.

"If I would have time, I would go," Ettore alisoma.

"Hapana. Hiyo would yako ya kwanza itoe. If I had time."

"Lakini muda sina! Kwa nini niseme kama mtu aliyekuwa nao jana?" Walibishana kwa Kiitaliano, na mikono ya Ettore ilibishana peke yake. "Mtaani kwetu twasema hivyo hivyo pande zote mbili. Mwalimu alikuwa akitupiga rula vidoleni kwa kosa hilo."

"Na sisi Malindi twasema pande zote mbili," Taib alimjibu. "Ningekuwa na muda, ningekwenda. Tunazivisha sare, kama watu wa arusi moja. Wala hakuna anayetupiga. Lakini Mwingereza humvisha mmoja tu, mwenziwe humwacha na nguo za jana."

Ettore alicheka mpaka kiti kikalia, akaandika: nguo za jana. Tangu siku hiyo hakulikosea tena.

Siraje, mlinzi wa mlangoni, Mganda aliyeingia kunywa maji kila baada ya nusu saa, alikuwa na lake la kusema. "Mwalimu Taib, huyu mzungu akipita, mimi nakununulia mbuzi. Akianguka, wewe ndiye unakuwa mbuzi."

Malipo ya masomo hayo hayakuwa pesa. Yalikuwa siku kumi.

Mama yake Taib, Bi Jokha, alipooza upande mmoja mwezi wa Januari. Taib alikuwa hajamwona kwa miaka miwili. Alimwendea meneja, akasimama mbele ya meza yake kama alivyosimama mbele ya mameneja wote wa maisha yake, akaomba ruhusa.

"Taib, orodha si yangu," meneja alisema. "Huu ni msimu. Anatoka mkubwa mmoja tu wa zamu kwa wakati mmoja. Wewe zamu yako Julai."

"Sir, mama yangu hawezi hata kugeuka kitandani."

"Mzazi akifariki, unaleta cheti, unapata siku tano, na unaondoka siku hiyo hiyo. Mzazi akiwa mgonjwa, unangoja zamu."

"Kwa hiyo siku za kumzika zipo, za kumwona ndizo hazipo?"

Meneja alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. "Sikuiandika mimi, ndugu yangu. Khalas."

Jioni hiyo Taib alimpigia dada yake Sheikha, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza mama. Alimweleza kuwa kurudi hakuwezekani. "Mkiniita kabla ya zamu yangu, kazi imekwisha," alisema. Habari ya zile siku tano aliimeza. Mtoto gani anatamka kifo cha mama yake na mwenyewe yu hai, amelala chumba cha pili? Ni uchuro. Watu wa pwani hawamchurii mgonjwa, hata kwa simu, hata kwa kunukuu sheria ya mwajiri.

Ettore ndiye aliyelifumbua jambo hilo. Yeye alikuwa na likizo ya siku kumi kuanzia tarehe ishirini na nne Aprili, ya kupumzika baada ya mtihani. "Zichukue," alimwambia Taib. "Wewe nipitishe mtihani, mimi nitakwenda Julai. Bari haikimbii." Meneja akabadilisha majina mawili kwenye orodha, akatia sahihi.

Basi Taib akawa mtu wa tarehe ishirini na nne. Katika chumba cha watu sita kule Al Twar aliandika namba hiyo kwenye kadibodi juu ya mto wake. Kila siku alipiga simu, na Sheikha alimwekea mama simu sikioni. Bi Jokha alizungumza kwa nusu ya mdomo, na swali lake lilikuwa moja.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama. Nakuja tarehe ishirini na nne."

"Ule."

Mara ya mwisho kusikia neno hilo ilikuwa tarehe thelathini na moja Machi. Baada ya hapo kila alipopiga alimkuta mama amelala, au dawa mpya zinamlevya, au muuguzi yuko naye. Sauti ya Sheikha ilikuwa na mafua yasiyokwisha.

Mtu wa bara angeshtuka mapema. Taib hakushtuka, kwa sababu aliyajua mambo ya kwao kuliko yalivyomfaa. Pwani, mtu haambiwi msiba kwa simu. Aliye mbali huambiwa, "Mzee ana homa kidogo, njoo," naye husafiri na homa hiyo hadi mlangoni, ambako hukuta mikeka imetandikwa na watu wanasoma. Taib mwenyewe aliwahi kumwita hivyo binamu yake aliyekuwa Muscat. Kwa hiyo kila alipozungumza na Sheikha alitega sikio alisikie neno moja tu: njoo. Halikusemwa. Alikata simu akashukuru, akarudi mezani kwa Ettore akiwa mwepesi.

Tarehe kumi na nne, siku ya Alhamisi, alichukua ruhusa ya asubuhi akaenda bandari ya Hamriya. Alikuwa amenunua kitanda cha hospitali kilichotumika, kile cha kuinua kichwa kwa kuzungusha mpini, na ndege isingekibeba. Nassor, mfanyabiashara wa Malindi anayepakia majokofu na matairi, aliwahi kumwahidi nafasi kwenye chombo cha Mombasa. Alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka nyumbani. Taib alimkuta katikati ya marundo ya magodoro na mafriji, akiwagombeza wapagazi kwa lugha tatu.

Nassor alipomwona aliacha kugomba. Alimjia, akamshika mikono yote miwili.

"Taib, ndugu yangu. Mungu amrehemu Mama. Nilikuwapo. Watu walijaa mpaka barabarani, nikasema laiti Taib angeliona."

"Mama wa nani?" Taib aliuliza.

Nassor alimtazama usoni, kisha akakitazama kile kitanda juu ya mkokoteni. Mikono yake ilibaki imeshika.

"Astaghfirullah," alisema polepole. "Hawakukwambia."

"Lini?"

"Jumamosi, tarehe mbili. Alizikwa alasiri."

Taib alihesabu. Siku kumi na mbili. Alikaa ukingoni mwa mkokoteni, mgongo kwenye kitanda, akapiga simu.

"Sheikha. Niko na Nassor."

Upande wa pili yale mafua yakafunguka yakawa kilio.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulisema mwenyewe, kaka! Tukikuita kazi imekwisha. Mama alikuwa anasikia siku ile. Akasema, msimwite. Hata nikifa msimwite, aje kwa siku yake. Tulisema ukija tarehe ishirini na nne tutakwambia uso kwa uso."

"Ningepewa siku tano," Taib alisema.

"Siku tano za nini?"

"Za msiba. Ndiyo sheria ya kazini. Ningeondoka siku ile ile."

"Hukutwambia."

"Ningesemaje, Sheikha? Nimchurie mama yangu?"

Mpagazi mmoja alikuja akamuuliza Nassor, "Arbab, hiki kinapakiwa?" Nassor akamfukuza kwa mkono.

"Nani aliingia kaburini?" Taib aliuliza hatimaye. Hilo ndilo lilikuwa lake, kazi ya mtoto wa kiume, na Bi Jokha hakuwa na mwingine.

"Mjomba Mahfudh."

"Mjomba? Na yale magoti?"

"Alikataa asiingie mwengine. Akasema huyu ni dada yangu. Ikabidi wamshushe yeye kwanza, taratibu, ndipo wakampa Mama." Sheikha alivuta pumzi. "Kutoka ndiyo alishindwa. Watu wanne walimvuta, huku anawaambia acheni, nifukieni hapa hapa, mtanipunguzia safari."

Taib alicheka. Kicheko kilimtoka bila idhini, na Sheikha naye akacheka kule Malindi, kwa sauti ya mtu aliyelia siku nyingi. Kisha kicheko cha Taib kilibadilika, na Nassor akasogea akasimama mbele yake, akamziba watu wasimwone.

Saa tisa kasoro alikuwa Al Jaddaf. Hakujua pengine pa kwenda; kule chumbani kulikuwa na wenzake watano, na ile kadibodi. Ettore alikuwa amekaa tayari, kitabu wazi. Taib alimwambia kwa maneno machache ya Kiitaliano, wima, kama anayesoma oda ya mezani.

Ettore alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimkumbatia na aproni yake ya unga. "Leo hatusomi," alisema.

"Tusome."

"Taib, nenda ukapumzike. Siku kumi bado ni zako."

"Nitakwenda. Nitakwenda kaburini. Lakini sasa ni saa tisa, na una mtihani Jumatano. Tusome, nakuomba."

Sura iliyobaki ilikuwa ya mwisho na ngumu kuliko zote, ile ya mambo ambayo yangekuwa na hayakuwa, na wakati wake umepita. Mpishi aliutazama ukurasa huo, akamtazama mwalimu wake. Akafunua kurasa nyingi kwa pamoja kurudi nyuma mpaka akafika sura ya kwanza kabisa, ya watoto, ambayo walikwisha kuimaliza mwezi wa Februari. Akaweka kidole kikubwa kwenye mstari wa juu, akaanza kusoma polepole, kwa sauti, kwamba barafu ukiiweka juani huyeyuka.

"Sawa," Taib alisema. "Endelea."