Usimzike Baba Yako kwa Maneno ya Kuazima

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na nataka uisikie leo, kabla hujasimama kesho kumzika baba yako. Kaa hapo. Hiyo hotuba iweke kando kwanza.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, hapa Ruiru, tulipofungiwa katika kijiji kilichozungushwa handaki na seng'enge. Baba yako, ndugu yangu Kamau, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na kifua kilikuwa kimembana tangu asubuhi. Hospitali ilikuwa Thika. Bila ruhusa ya askari wa lango hutoki, na saa ya kafyu ilikuwa inakaribia. Mama alinishika mkono tukaenda mbio.

Askari yule alitoka mbali, magharibi huko, Kikuyu hakijui. Mama naye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani tu. Kwa hivyo msemaji nikawa mimi. Nilikuwa nimesoma, ati! Mwalimu alitufundisha tashbihi na sitiari, na insha zangu zilisomwa mbele ya darasa.

Mama akasema kwa Kikuyu, "Mwambie mtoto anapumua kama kifaranga aliyenyeshewa."

Ngai! Niliona haya. Kifaranga, mbele ya mtu wa bunduki? Nikajiweka sawa, nikasema, "Ewe afande, ndugu yetu anateketea katika tanuri la homa, na macho yetu yamegeuka mito ya machozi!"

Askari akatuangalia, mmoja mmoja. Macho yetu yalikuwa makavu kabisa. Hofu haikutupa hata nafasi ya kulia.

"Nani amewafundisha kusema hivyo?" akauliza. "Mmekariri. Mnawapelekea waasi chakula msituni, sivyo?"

Siku hizo watu walichukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo, na hawakurudi. Mama hakuelewa maneno, lakini uso wa askari aliuona.

"Wanjiru, umemwambia nilivyosema?" Nikatikisa kichwa. "Mtoto anakufa na wewe unajipamba! Mwambie nilivyosema!"

Nikasema, "Afande, anapumua kama kifaranga aliyenyeshewa."

Askari akaiegemeza bunduki langoni. "Mdomo wazi? Na mbavu zinaingia ndani?" Nikaitikia. Akainama, akatega sikio mgongoni kwa mama, akasikiliza. "Vifaranga wa namna hiyo kwetu hawafiki asubuhi," akasema, na ukali wote umemtoka. Akafungua lango, akasimamisha lori la mkonge lililokuwa likielekea Thika, akamwambia dereva atufikishe hospitalini. Daktari alisema tungekawia kidogo, tungemzika.

Sasa nimeisoma hotuba yako. Nguzo imeanguka, taa imezimika, mwamba umepasuka. Haiya! Baba yako alikuwa mwamba lini, yule aliyeogopa hata sindano? Maneno hayo yamezikia watu kuanzia Witeithie mpaka Makongeni. Usiku huu silali, nakwambia ukweli, kwa kuogopa kwamba ndugu yangu atashushwa kaburini kesho na watu wasijue ni nani aliyeondoka.

Sikukatazi kufananisha, mwanangu. Fananisha! Mfano ndio uliotufungulia lango. Lakini uchote kwenye kitu ulichokiona mwenyewe, na anayekusikiliza awe anakijua, ndipo naye ataona unachoona na kuumia unapoumia. Ule wa kuazima masikio yanausikia, basi, na mtu anaendelea kutafuta kiti cha kukalia.

Juzi jikoni uliniambia, huku unalia, kwamba tangu aondoke nyumba imekuwa kama kiatu kimoja. Mimi niliacha kumenya viazi. Mbona hilo hukuliandika? Ulidhani ni dogo? Nenda ukaliandike.

Mungu akushikie sauti yako kesho, mwanangu, isikatike. Na ikikatika, basi iwe watu wameshamwona baba yako.