Paka Aliyekoroma Siku Tatu

Mafundi wenzake walimwita Sikio. Cherehani ikiletwa kibandani kwake, hakuwa na haja ya kuifungua. Alizungusha gurudumu, akalaza shavu kwenye chuma, akasikiliza. Ikivuma sawasawa, aliisukuma kwa mwenyewe. "Nzima hii. Itie mafuta, uende zako." Kwa miaka thelathini na moja alikosea mara chache, na hizo chache alizificha.

Ndiyo maana paka wa marehemu mkewe hakumtia wasiwasi. Ilikuwa siku ya tatu tangu asusie chakula, kajikunyata chini ya meza ya kazi, miguu yote kaikunja tumboni, lakini akikoroma taratibu. Paka anayekoroma ana raha zake; nani asiyejua hilo?

Binti yake alipomletea nguo alizomfulia, aliinama chini ya meza, akakaa huko kitambo.

"Baba, huyu anaumwa."

"Msikilize basi. Anavuma kama cherehani mpya."

"Mimi namtazama. Ona masikio yalivyolala pembeni. Sharubu kazivuta nyuma, macho kayabana, mkia kajizungushia kama mtu mwenye baridi. Paka hukoroma hata kwa maumivu, Baba. Anajibembeleza."

"Maneno ya wapi hayo?"

Binti alikunja upya shati lililokwisha kunjwa. "Mama alikuwa akiimba jikoni," alisema hatimaye. "Ile miezi ya mwisho."

"Aliimba sana. Nilikuwa nawaambia watu, mke wangu kapata nafuu."

"Siku moja nilimkuta kashika ukingo wa karo kwa mikono miwili. Anaimba, jasho linamtiririka. Akaniambia, usimwambie baba yako, mwache afanye kazi."

Fundi akaanza kutafuta bisibisi. Alipapasa meza nzima, kumbe anayo mkononi.

Alimtia paka kapuni, juu ya sweta ya marehemu, wakaenda naye kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpapasa mbavu, akamfunua ufizi, akashusha pumzi. Figo zilikuwa zimekwisha.

"Mngemleta mapema kidogo, mzee," alianza, kisha akaona uso wa fundi, akaachia hapo.

Paka alikoroma mpaka dakika ya mwisho. Fundi hakumwinamishia sikio. Alimtazama macho, mpaka yakaacha kumtazama.

Juma lililofuata mama mmoja mshonaji alimletea cherehani. "Isikilize tu, fundi, nina haraka. Mbona inavuma vizuri."

"Iache hapa."

"Kwani ina ugonjwa gani?"

"Sijui bado. Mpaka niifungue."

"Makubwa. Sikio nalo limezeeka?"

Fundi hakucheka. Alikuwa amekwisha kuilaza mashine ubavu, analegeza skrubu ya kwanza. Chini ya meza, karibu na mguu wake, bakuli la maji la paka lilikuwa bado limejaa.